DAP Ikibanwa China, Mpwapwa Tunapandia Nini?

Vijana, msimu ukikaribia, swali ninaloulizwa sana hapa Mpwapwa ni bei ya DAP. Jibu lake haliko kwa wakala wa mjini. Oktoba 2021 China, mmoja wa wauzaji wakubwa wa mbolea za fosfeti duniani, ilianza kubana mauzo ya nje ili wakulima wake wapate kwanza. Mwaka uliofuata vita ya Ukraine ikazidisha makali, na Agosti 2022 serikali yetu ikaanza ruzuku ya mbolea.

Fosfeti yetu ipo: Minjingu, Babati. Lakini usikurupuke kununua. Unga wa mwamba ule huyeyuka kwenye udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wa magadi, au mvua ikiwa haba, unalala tu ardhini na hela yako.

Kwa hiyo:

- Pima pH kwanza. Ikiwa chini ya 5.5, Minjingu inakufaa.
- Zaidi ya hapo, baki na DAP, ila weka kwenye shimo, funika kwa udongo kidogo, ndipo mbegu.
- Samadi ya zizini usiiuze. Hiyo haipiti bandarini, haizuiwi na mtu.

Shamba lako lina pH ngapi?