Pick-up imeinuliwa, sasa inatetemeka

Wanamemba, mimi ni agronome, si mekanisiye, lakini mavuno yakilala njiani ni shida yetu sote. Tukiongeza lame za resori ili Land Cruiser ibebe maharagwe mpaka Goma, kardani, ile bomba inayotoka bwati kwenda ponti ya nyuma, inainama zaidi. Ndiyo inatetemesha gari, usikimbilie mataili. Inatetemeka ikiwa tupu, inatulia ikipakiwa? Basi ni pembe. Kwanza tikisa kardani kwa mkono: ikichezacheza, badilisha misalaba yake. Kisha mekanisiye aweke kabari ya chuma kati ya resori na ponti, mpaka mdomo wa ponti uende sambamba na ule wa bwati. Kabla ya kufungua, pakeni alama ya rangi, kardani irudi vilevile ilivyokuwa.