Fahamu: Kwa nini mitaa ya Japani ina kelele hivi?
Mgeni Tokyo hupanda treni iliyojaa watu na bado iko kimya. Hata simu haipokelewi. Akishuka mtaani, hushangaa. Msimu wa uchaguzi gari la mgombea hupita polepole, vipaza sauti vikirudia jina lake, jina tu, sera hakuna. Chanzo ni sheria: kuomba kura nyumba kwa nyumba ni marufuku, ila vipaza sauti ruksa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Jioni, mara nyingi saa 11, spika za manispaa hupiga wimbo wa kuwarudisha watoto nyumbani. Kumbe ndivyo mitambo ya tahadhari ya tetemeko na tsunami inavyojaribiwa. Wakati wa baridi hupita muuza viazi vitamu vya kuchoma, naye ana wimbo wake.