Anayetaka Kutibu Wanamichezo Aanzie Wapi?

Kijana wa kidato cha nne alitujia baada ya Alasiri akitaka kujua wale wakimbiliao uwanjani na mkoba, mchezaji aangukapo, walisomea wapi. Hatukujua, tukaenda kuuliza.

Si wote ni madaktari. Wamo wataalamu wa fiziotherapia, fani ifundishwayo kwa shahada chuoni KCMC, Moshi. Atakaye udaktari husoma miaka 5, hufanya mwaka 1 wa mafunzo hospitalini, ndipo abobee. Milango yote miwili hufunguliwa kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Naye, kwa kutoshauriwa na yeyote (sisi tukiwemo), aliiacha Fizikia alipoingia kidato cha tatu. Ataifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baba yake ameridhia. Mwalimu tumekwisha kumpata.