Kuhifadhi Hesabu za Biashara kwa Miaka Mingi

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka akidaiwa kodi ya mauzo ya miaka minne iliyopita, shahidi wake ni hati zake. Nchini Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yamtaka mlipa kodi ahifadhi hati zake kwa miaka 5 tangu kwisha kwa kipindi cha hesabu kinachohusika. Na ikiwa shauri limekwisha kuanza, hati hizo zisitupwe mpaka shauri liishe.

Siku hizi wengi huweka hesabu katika kompyuta, nao hudhani kwamba zikiisha kuingizwa humo zimesalimika. Sivyo. Kuhifadhi ni jambo moja, na kuweza kukisoma kilichohifadhiwa ni jambo la pili.

Mfano wake watoka Uingereza. Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William, habari za mashamba na mali za nchi ile zilikusanywa, zikaandikwa kwa wino juu ya ngozi katika kitabu kiitwacho Domesday. Mwaka 1986, ilipotimia miaka 900, BBC ilikusanya habari mpya za nchi na kuzitia katika diski zisomwazo kwa mwanga. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisomea diski hizo zikawa adimu, hata ikawapasa wataalamu kufanya kazi kubwa ili kuziokoa habari zile. Kitabu cha ngozi chasomeka hata leo.

Basi, yampasa mwenye biashara kufanya nini?

Kwanza, awe na nakala 3 za hesabu zake, katika vyombo vya namna mbili, na nakala moja iwekwe mbali na duka. Duka likiungua, nakala iliyomo katika meza ya duka huungua nalo.

Pili, risiti zinazochapwa kwa joto zipigwe picha mapema, kwa kuwa maandishi yake hufifia, hasa penye jua.

Tatu, hesabu zitiwe katika faili zinazosomwa na programu nyingi, kama vile PDF, wala zisitegemee programu moja tu ambayo kesho yaweza kutoweka sokoni.

Nne, iwekwe siku moja kila mwaka ya kuzifungua nakala zote na kuzilinganisha. Chombo kilichozeeka kisingojewe kife. Hesabu zihamishwe katika chombo kipya mapema.

Tano, neno la siri la kufungulia liandikwe na kuwekwa mahali salama, naye mtu wa pili aliye mwaminifu apajue. Mwenye biashara akifariki naye peke yake ndiye alijuaye neno hilo, jamaa zake watashindwa kujua nani anadai na nani anadaiwa.