Jina la Kito cha Bonde la Umba

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika biashara ya vito ulimwenguni, liko moja linalostahili kuangaliwa na wafasiri. Kaskazini ya Korogwe, katika Bonde la Umba, wachimbaji wa miaka ya 1960 walitafuta rodoliti, yaani ganeti nyekundu yenye uzambarau. Ganeti za rangi ya chungwa na waridi, zisizolingana na aina zilizojulikana, zilikataliwa na wanunuzi; zikaitwa "malaya". Baadaye zilitambuliwa kuwa mchanganyiko wa piropu na spesatini, zikapanda thamani, lakini jina likabaki.

Vitabu vya kigeni hulifasiri jina hilo kuwa "aliyetengwa". Tafsiri hiyo haitoshi: mwalimu wa Handeni au Korogwe hawezi kulitamka darasani bila wanafunzi kusikia tusi.

Je, tufuate mfano wa tanzaniti, iliyopewa jina la nchi mwaka 1968? Tanzaniti huchimbwa Mirerani pekee. Ganeti hii hupatikana Bukini pia, na Umba ina ganeti za aina nyingine. Kwa hiyo twapendekeza "ganeti piropu-spesatini" katika vitabu vya shule na hati za serikali. Jina la wachimbaji litajwe ndani ya alama za kunukuu, kwa ajili ya historia.