Ukucha Uliozama Nyamani: Vidonge Pekee Si Tiba

Maumivu huanza kidogo, pembeni mwa kidole gumba cha mguu. Baada ya siku chache kidole huvimba, hupata joto na kutoa usaha. Mgonjwa hununua antibiotiki, uvimbe hupungua, kisha hurudi. Wengi hudhani dawa ilikuwa dhaifu. Kumbe kipande cha ukucha bado kimo nyamani mithili ya mwiba, na kidonda chenye mwiba hakifungi.

Chanzo cha kawaida ni kukata kucha kwa kuzungusha pembe zake, viatu vinavyobana au jeraha. Kabla usaha haujatokea, mtu asiye na kisukari aweza kuloweka mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi kwa dakika 10 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, kisha aukaushe vizuri na kuvaa viatu vya wazi.

Usaha ukishatoka, au kinyama laini kinachovuja damu kikiota pembeni, afike kituo cha afya. Huko kidole hupigwa ganzi, na ukanda mwembamba wa ukucha uliozama hukatwa hadi shinani. Fenoli ikipakwa kwenye sehemu ya mzizi iliyoachwa wazi, uwezekano wa tatizo kujirudia hupungua. Kung'oa ukucha wote si lazima kwa wagonjwa wengi, kwani ukucha mpya waweza kuzama tena. Antibiotiki zina nafasi yake pale maambukizi yanapoenea nje ya ukingo wa ukucha.

Tahadhari kubwa ni kwa mwenye kisukari. Mishipa yake ya fahamu ikidhoofika, hasikii maumivu. Damu isipofika vizuri miguuni, kidonda hakiponi. Maambukizi yaweza kufika kwenye mfupa na hatimaye kidole kukatwa. Mgonjwa huyu asijikate kwa wembe wala kusubiri. Aende kituoni siku hiyohiyo. Mhudumu naye apime sukari na kupapasa mapigo ya damu mguuni kabla ya kushika mkasi.

Kwa mgonjwa yeyote, homa, mtoki kinenani au uvimbe unaopanda mguuni ni dalili za hatari. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Joto na uvimbe ndivyo vya kuangaliwa.

Kinga ni nyepesi: kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka, zisifupishwe mno, na pembe zake ziachwe.