Pesa ya Nyumba Inamfikia Aliyeandikwa

Wiki hii tuzungumze juu ya nyumba. Si nyumba za mabati mapya tunazoona zikipanda pembeni ya barabara kubwa, bali nyumba ya mama wa kawaida wa Bunia: vyumba viwili vya udongo, watoto sita, na mwenye nyumba anayebisha mlango kila mwisho wa mwezi.

Katiba ya nchi yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya kuwa na makao yanayofaa, haki ya kupata maji safi na haki ya kupata umeme zinahakikishwa. Maneno hayo yameandikwa wazi. Lakini wengi wetu hatujayasikia yakisomwa hata siku moja, kanisani wala kwenye mkutano wa mtaa.

Sisi tunaofundisha tunaona darasani kinachotokea nyumba ikikosekana. Mtoto anaanza mwaka Septemba akitoka Sukisa. Kufika Januari anatoka Simbilyabo, anatembea saa nzima asubuhi, anafika amechoka. Baada ya Pasaka hatumwoni tena. Ukiuliza watoto wenzake wanajibu: "Walifukuzwa kwa nyumba." Masomo yake yamekatika kwa sababu ya deni la mwezi mmoja au miwili.

Na vita imezidisha shida. Katika Ituri, watu waliokimbia makwao wanazidi milioni moja. Wengine wako kambini kama Kigonze, wengine wamejaa kwa ndugu mjini, wengine wanapanga. Watafutaji wa nyumba wakiongezeka na nyumba zikibaki zilezile, bei inapanda. Kila mama anajua hesabu hiyo bila kuifundishwa.

Je, serikali imewahi kujenga nyumba za watu wadogo? Ndiyo, imewahi. Mwaka 1952, wakati wa Wabelgiji, kuliundwa ofisi iliyoitwa Office des Cités Africaines. Ndiyo iliyojenga mitaa kama Bandalungwa na Matete kule Kinshasa, na Bagira kule Bukavu. Haikuwa zawadi ya upendo: mkoloni alitaka wafanyakazi wake wakae mahali pamoja na kwa mpango. Hata hivyo nyumba hizo zilijengwa, na familia nyingi zinakaa humo mpaka leo. Baada ya uhuru ofisi nyingine ilichukua kazi hiyo, nayo ikafa. Tangu hapo, raia anajijengea mwenyewe, tofali kwa tofali.

Siku hizi pesa ya serikali inaenda zaidi kwa majengo ya wote. Programu ya maendeleo ya teritware 145 inajenga shule za msingi, vituo vya afya na majengo ya utawala. Hatuyakatai hayo, sisi ni walimu, tunayahitaji. Lakini mtoto akitoka katika shule mpya jioni, lazima awe na mahali pa kulala.

Hapa tunataka wamama waangalie jambo moja kwa makini. Kuna pesa za makao zilizowahi kufika Ituri, na tukiangalia njia zilizopitia tunajifunza kitu.

Kwanza ni Bogoro, kijiji kilicho kwenye barabara ya kwenda Kasenyi. Kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Tarehe 24 Machi 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika kesi ya Germain Katanga, iliamua fidia kwa watu 297. Kila mmoja alipewa dola 250 kama alama, na pamoja na hiyo msaada wa makao, wa masomo ya watoto, wa kazi ya kuleta kipato, na wa kutuliza roho. Walioomba walikuwa 341. Waliokubaliwa ni wale ambao majaji waliona madai yao yamethibitika. Pesa hiyo haikutoka kwa serikali yetu, lakini njia yake ni ileile: jina, ushahidi, orodha.

Pili ni pesa ya Uganda. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya madhara kwa watu, milioni 60 kwa mali ya asili, na milioni 40 kwa mali za watu zilizoharibiwa. Ndani ya neno hilo "mali" mna nyumba zilizochomwa hapa Ituri. Malipo yalipangwa kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka, na serikali yetu iliunda mfuko unaoitwa FRIVAO, wenye makao yake Kisangani, ili kuwagawia waliodhulumiwa. Hapo pia swali la kwanza ni lilelile: wewe ni nani, ulikuwa unakaa wapi, na nani anaweza kushuhudia?

Sasa tujiulize. Nyumba iliyochomwa ilikuwa kwa jina la nani? Mara nyingi ya baba. Baba amekufa vitani. Ndoa haikuandikwa ofisini. Karatasi ya kununua kiwanja iliungua pamoja na mabati. Mama amebaki na watoto na kumbukumbu tu, na orodha haipokei kumbukumbu. Pesa ya makao, iwe ya serikali au ya mahakama, inamfikia aliyeandikwa.

Kwa hiyo tusingoje pesa ifike ndipo tuanze kutafuta karatasi. Mambo manne tunaweza kuyafanya sasa.

La kwanza, ndoa iandikwe. Mahari ikishatolewa, watu wengi wanaona imetosha. Lakini mbele ya sheria, ndoa ya kimila inahitaji kuandikishwa kwenye ofisi ya etasivili. Mjane ambaye ndoa yake imeandikwa ana haki, kwa Sheria ya Jamaa, kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake na kutumia vyombo vyake. Ndugu wa mume wakija na kufuli, ana karatasi ya kuwaonyesha.

La pili, kiwanja kiwe na majina mawili. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuitumia; haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu wa mtaa ni mwanzo, si mwisho. Na sheria ya 15 Julai 2016, iliyosahihisha Sheria ya Jamaa, iliondoa ile lazima ya zamani ya mwanamke kuomba ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Mama anaweza kununua kiwanja kwa jina lake.

La tatu, tujue sheria ya kupanga. Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipiti miezi mitatu. Miezi sita ni kwa nyumba ya biashara. Mama akiombwa garanti ya miezi sita kwa chumba cha kulala, ajue anaombwa kinyume cha sheria. Mkataba uandikwe, kila malipo yawe na risiti, na garanti irudishwe siku ya kutoka, isipokuwa kuna deni au uharibifu.

La nne ni la vikundi vyetu. Katiba, kifungu cha 204, inaweka kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha kati ya kodi za jimbo. Maana yake, malipo tunayompa mwenye nyumba kila mwezi, sehemu yake inapaswa kuingia katika sanduku la jimbo. Basi tunayo haki ya kuuliza: kodi hiyo ya nyumba inajenga nyumba ngapi? Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2024, wanakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Wengi wanalalamika juu ya makato hayo. Lakini wanajua pesa inaitwaje na inatoka wapi, kwa hiyo wanaweza kudai hesabu yake.

Hapa kwetu, mashirika ya kiraia yanapokutana na wakuu wa jimbo juu ya bajeti, wamama wawepo. Tusiombe maneno matamu. Tuombe mstari mmoja katika bajeti wenye jina "makao ya jamii": viwanja vilivyopimwa kwa wajane na kwa familia zilizokimbia vita, vyenye njia ya maji, na karatasi zisizo na bei ya kuwafukuza maskini.

Na kabla ya siku hiyo, kila likelemba iweke daftari moja: jina la mwanachama, mahali alipokuwa akikaa kabla ya vita, nyumba aliyopoteza, mashahidi wawili, na nakala ya kila karatasi iliyobaki. Daftari likae sehemu mbili tofauti, kwa sababu tunajua moto. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu, mezani, Jumapili moja baada ya misa.